Picha Iliyokwama Kwenye Skana

Chapuchapu aliporudi kutoka shuleni, viatu vilivuliwa mlangoni huku mguu mmoja ukiwa tayari sebuleni. Begi lilitupwa kitini, sare ikatundikwa, chai ikanywewa kwa kusimama, na kabla kikombe hakijapoa daftari la hesabu lilikuwa wazi mezani. Darasani alikuwa na jina lake lingine. Hili la Chapuchapu alipewa na bibi yake, aliyedai kwamba siku mtoto huyo alipozaliwa mkunga hakuwahi hata kuvaa glavu. Msichana mwenyewe, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, alilipenda jina hilo na kujivunia kama nishani.

Jumatatu moja alimkuta mama yake ameketi sakafuni, amezungukwa na picha pande zote. Mama alikuwa mwokaji mikate, mtu wa kuamka kabla ya jogoo, na saa kama hizo kwa kawaida alikuwa amejinyoosha kidogo. Siku hiyo alikuwa ameshusha sanduku la picha za ukoo kutoka juu ya kabati, akakuta limeingia unyevu. Picha nyingine zilikuwa zimegandana. Nyingine zilikuwa na madoa ya kahawia, na bwana harusi mmoja alikuwa ameliwa na mende kuanzia kiunoni kwenda chini.

Mama alieleza kwamba alikuwa amezungumza na ndugu wote kwa simu, wa karibu na wa mbali, nao walikubaliana kununua skana, yaani mashine ya kunakili picha na kuziingiza kwenye kompyuta, ili kila nyumba ipate nakala kabla sanduku zima halijageuka unga. Kazi ya kuichagua alipewa yeye. Lakini yeye alijua tanuri tu; mambo ya kompyuta yalimpita kando. Kwa kuwa binti yake alikuwa kwenye klabu ya kompyuta shuleni, aende duka la vifaa vya ofisi, aulize, alinganishe, kisha arudi na jibu.

Chapuchapu alisikia neno "aende", akawa tayari anatafuta viatu.

Muuzaji alikuwa dada mrefu aliyechomeka penseli kwenye nywele. Hakumdharau mteja mdogo. Alimpeleka moja kwa moja kwenye rafu ya nyuma, zilipokuwa skana mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeusi na ya kung'aa, imesimama wima, mdomo wake juu. Uliweka rundo la karatasi, magurudumu madogo ya mpira yakazivuta moja moja, zikatokea chini zikiwa zimekwisha nakiliwa. Muuzaji alijaribu karatasi kumi, na Chapuchapu hakufika ishirini katika kuhesabu kabla zote hazijaonekana kwenye kompyuta. Ya pili ilikuwa pana na bapa kama sinia lenye mfuniko. Ulilaza picha juu ya kioo, ukafunika, ukangoja. Taa ilitambaa chini ya kioo kama konokono aliyebeba mizigo ya kuhamia nyumba mpya.

Kwa Chapuchapu shauri lilikuwa limekwisha. Muuzaji alimuuliza kama picha zao zilikuwa za zamani sana, kama zilikuwa zimejikunja, na kama walikuwa na filamu, vile vipande vyeusi ambavyo picha husafishwa kutoka kwavyo. Chapuchapu alijibu harakaharaka kwamba ni picha tu za kawaida, filamu hawana. Ndani ya sanduku, chini kabisa, alikuwa ameliona kopo la bati, ila hakulifungua. Muuzaji akamshauri arudi kesho yake na picha tatu za kujaribia, asilete zile wanazozipenda sana.

Nyumbani aliisifu ile skana nyeusi mpaka mkate wa mama karibu uungue. Mama alisema vyema, aende akajaribu kwanza, akampa picha tatu: moja ya ukuta mtupu, moja ya watu waliokatwa vichwa na mpiga picha, na moja ya mbuzi ambaye hakuna aliyekumbuka alikuwa wa nani.

Lakini kulikuwa na picha nyingine. Ilikaa kwenye albamu ya Bibi, ukurasa wa kwanza. Bibi, aliyeishi nao, alikuwa fundi saa kwa zaidi ya miaka arobaini, na picha hiyo ilimwonyesha akiwa na miaka ishirini, siku ya kwanza ya kufungua kibanda chake. Alikuwa ameketi mbele ya meza ndogo, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, saa ya mkononi imefunguliwa mbele yake, na uso wake ni wa mtu aliyeambiwa hataweza. Kila Jumapili Bibi aliifungua na kuitazama. Chapuchapu aliwaza jinsi Bibi atakavyofurahi kujiona mkubwa, akiwa amejaa kioo kizima cha kompyuta. Alitaka kumshtukiza. Basi akaichomoa picha, akaificha katikati ya daftari lake, asimwambie mtu.

Siku ya pili alimkuta muuzaji akihangaika na mteja aliyeleta printa mbovu. Muuzaji alimwashiria kwa mkono angoje kidogo. Chapuchapu alingoja kwa muda wa pumzi tatu. Kisha akamweka mbuzi kwenye mdomo wa mashine nyeusi. Mbuzi akapita salama. Ukuta ukapita, na wale wasio na vichwa nao wakapita. Furaha ikampanda. Akaitoa picha ya Bibi, akaiweka.

Ile ilikuwa karatasi nene, ngumu, iliyopinda kwa uzee. Magurudumu yaliidaka pembe moja, yakavuta, yakasita, yakavuta tena. Ukasikika mlio mkavu kama wa ganda la yai linalovunjwa. Taa nyekundu ikawaka. Chapuchapu alishika upande uliobaki nje, akavuta kwa nguvu, na hilo likawa kosa juu ya kosa.

Muuzaji alikuja mbio, akazima mashine, akafungua ubavu wake na kuitoa picha taratibu kwa kibano. Mstari mweupe ulikuwa umepita katikati ya uso wa Bibi kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, na pembe moja ilikuwa imechanika. Alivitia vipande vyote viwili kwenye bahasha. Alieleza kwamba mashine ile ilitengenezwa kwa karatasi za ofisini, na ndiyo sababu alitaka wajaribu pamoja. Kisha akauliza, "Picha ni ya nani?"

"Ya bibi yangu."

"Anajua kwamba iko hapa?"

Chapuchapu alitazama viatu vyake.

"Basi mwambie leo hii," muuzaji alisema. "Kesho maneno yatakuwa mazito zaidi."

Njia ya kurudi nyumbani, ambayo kwa kawaida aliimaliza kwa mbio moja, siku hiyo ilikuwa ndefu kama ya msafiri. Mawazo yalimjia makundi kwa makundi. Angeweza kuirudisha picha kimya kimya. Jumapili ilikuwa bado mbali. Isitoshe, mende walikwisha kumla bwana harusi. Kesi moja zaidi isingewaumiza.

Alipofungua mlango alimkuta Bibi sebuleni na albamu mapajani, ameifungua ukurasa wa kwanza. Bibi alikuwa amesikia habari za skana na kuamua kuweka alama kwenye picha atakazotaka zitangulie.

"Mjukuu wangu, njoo unisaidie kutazama," Bibi alisema. "Sijui ni macho yangu au ni wale mende. Siioni picha yangu ya mezani."

Chapuchapu aliletewa uongo kwenye sahani. Hakuhitaji hata kuutunga. Ilitosha kuitikia kwa kichwa. Alimwona Bibi akifunua ukurasa wa pili, akipapasa kwa vidole vile vilivyozoea kushika vitu vidogo kuliko punje ya mchele, na akajua kwamba akinyamaza, Bibi ataendelea kupapasa vivyo hivyo kesho na keshokutwa.

"Si mende, Bibi. Ni mimi."

Akaeleza yote, tangu daftari mpaka taa nyekundu, akatoa na bahasha. Bibi aliitoa picha, akaunganisha vipande juu ya goti lake, akapitisha kidole gumba kwenye ule mstari mweupe.

"Nimeumia," alisema mwishowe. "Sitakudanganya kwamba sikuumia."

Chapuchapu alilia. Bibi alimwacha alie, kisha akamuuliza magurudumu ya mashine hiyo yalikuwa mangapi na yalipangwa vipi. Ufundi haustaafu. Chapuchapu akachora huku akifuta kamasi, na Bibi akatikisa kichwa, akasema kwamba fundi mwenye haraka hufunga saa akabaki na skrubu moja mkononi. Halafu akakunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Akasema kwamba mpiga picha wa siku ile, alipofunga duka lake miaka mingi baadaye, aliwagawia wateja filamu zao. Za kwake, Bibi aliziweka kwenye lile kopo la bati.

Mama alipoingia, Chapuchapu alimweleza naye, pamoja na habari ya kujibu kwamba hawana filamu bila kufungua kopo. Mama alimkaripia, na karipio lile halikuwa fupi. Kisha wakalifungua kopo wote watatu. Ndani mlikuwa na vipande vya filamu vilivyofungwa kwenye karatasi nyembamba. Safari hii Chapuchapu aliomba ruhusa kwanza, akavishika kwa kingo tu, akavielekeza dirishani. Kwa kuwa filamu hugeuza rangi, watu walionekana wana nywele nyeupe na meno meusi. Katika kipande cha tano aliona meza ndogo, na mtu mwenye kitu jichoni. Ilikuwa ndogo kama stempu, lakini ilikuwa yenyewe.

Jumatano alirudi dukani na karatasi ya maswali saba aliyoyaandika yeye mwenyewe. Alimwomba msamaha muuzaji, kisha akauliza moja baada ya jingine bila kuruka. Alijifunza kwamba skana nyeusi haiwezi kusoma filamu hata ikibembelezwa. Ile bapa ina taa ya pili ndani ya mfuniko, inayopenyeza mwanga kwenye filamu. Muuzaji akasema walete kopo Jumamosi wajaribu.

Jumamosi walikwenda watatu, Bibi akiwa amevaa gauni la kutokea. Muuzaji alivaa glavu za pamba, akapuliza vumbi kwenye filamu kwa kipira cha mkononi, akawaonya wasiifute kamwe kwa kitambaa cha maji. Akailaza, akafunika. Taa ikaanza kutambaa. Vidole vya miguu vya Chapuchapu vilicheza ndani ya viatu, lakini mdomo wake haukusema kitu. Mstari kwa mstari picha ikajitokeza kwenye kompyuta: kwanza paa la kibanda, kisha nywele, kisha uso wa Bibi, mzima, hauna hata mkwaruzo.

Tena ilikuwa pana kuliko ile ya albamu. Kumbe mpiga picha aliikata pembeni ili ienee kwenye fremu. Upande wa kushoto, ambako kwenye albamu kulikuwa na mwisho wa karatasi, alikuwa amesimama mwanamke mwenye kikapu mkononi. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, anacheka, amegeuka nusu kama anayetaka kukimbia.

Bibi aliinuka. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kompyuta.

"Mama," alisema.

Mama yake Chapuchapu aliitika, akidhani ameitwa yeye.

"Si wewe, mwanangu. Mama yangu mimi."

Kisha, kwa sauti iliyokwaruza, Bibi akawasimulia. Mama yake aliogopa kamera. Kila mpiga picha alipotokea, yeye alikimbilia jikoni. Siku ile alikuja kibandani kumletea mwanawe chakula, asijue kwamba kuna kamera. Mwaka uliofuata alifariki, na katika ukoo mzima hapakuwa na picha yake hata moja. Kwa miaka zaidi ya hamsini Bibi alikuwa akiutunza uso ule kichwani, na siku za karibuni ulianza kumponyoka, ila hakutaka kumwambia mtu. Muuzaji alichomoa penseli kwenye nywele, akairudisha bila kuandika kitu.

Kuhusu ni skana ipi wainunue, hapakuwa na mjadala.

Jioni hiyo hiyo Chapuchapu aliwatumia ndugu wote picha. Simu haikupumzika. Mjomba mmoja aliomba atumiwe tena, ingawa alikuwa ameipata, na shangazi mmoja alisema sasa anajua pua yake ilitoka wapi na wa kumlaumu amepatikana. Watoto ambao hawakuwahi kusikia habari za mama huyo walitaka kujua kikapuni mlikuwa na nini. Bibi alijibu kila simu, na kila mara alikumbuka jambo jipya.

Tangu hapo Chapuchapu alinakili picha kumi na mbili kila siku baada ya masomo, mbuzi naye akiwemo. Bibi aliketi kando yake akimtajia majina, naye akiyaandika. Alasiri moja Chapuchapu alisema, nusu kwa mzaha, kwamba pengine ilikuwa bahati ile picha kuchanika.

Bibi aliweka miwani mezani.

"Hapana, mjukuu wangu. Ulichukua bila kuomba, ukaharibu, na mstari ule hautafutika. Usilipambe kosa. Lakini nilikupa nafasi ya kuwasingizia mende, ukaikataa. Ungeikubali, ningelia kidogo, ningefunga albamu, na mama yako angenunua ile mashine nyeusi. Kopo lingerudi juu ya kabati, na mama yangu ndani yake. Mimi nimetengeneza saa maisha yangu yote. Saa iliyoharibika hutengenezeka, mradi mwenyewe aseme kweli iliangukaje. Akificha, hata fundi hajui pa kuanzia."

Chapuchapu aliitikia. Akalaza picha nyingine juu ya kioo, akafunika taratibu, na wote wawili wakainamia kompyuta kuona ni nani atakayejitokeza.