Habu ya Kushoto

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote, Jedidah akigombana na mlango. Mlango wa kushoto wa pikapu ya mumewe ulikuwa umekataa kufunguka kwa ndani tangu Krismasi. Aliyekaa upande ule alifungiwa na kufunguliwa kwa nje, kama kuku.

"Baba Elsie, huu utautengeneza lini?"

"Mama Elsie, wewe unashukia wapi katikati ya safari hata utake mlango?"

Huyo ndiye Zephaniah. Karani wa reli pale Voi, mzee wa kanisa, na fundi kwa ushahidi wake mwenyewe. Mlango hakuutengeneza. Lakini mwaka ule wa sabini na nne, petroli ilipopanda bei na kila mwenye gari akawa mtaalamu, alipata nafasi ya kufunga habu.

Hapo awali gari likikwama, dereva alisukuma kijiti palepale alipoketi, na magurudumu yote manne yakavuta. Fowili, kama wanavyoiita. Sasa Zephaniah alikuwa amesikia kwamba magurudumu ya mbele yanazungusha vyuma bure barabarani na kunywa petroli. Akamwambia Mwinyihaji, fundi wa gereji nyuma ya soko, amfungie katika kila gurudumu la mbele kidude cha chuma mfano wa kikombe. Hiyo ndiyo habu. Ukiizungusha kwa mkono, gurudumu linashikana na injini. Ukiirudisha, linakwenda huru.

Mwinyihaji alifunga kazi yake vizuri, akajifuta mikono.

"Sasa jua, mzee wangu, kuanzia leo fowili yako iko nje. Kijiti peke yake hakifanyi kitu. Sharti mtu ashuke, afunge ya kulia, azunguke, afunge ya kushoto. Moja peke yake haivuti."

"Kushuka ni nini? Si nina miguu?"

"Haya. Mungu akuepushe na mahali pasiposhukika."

"Mwambie tena, Mwinyihaji," Jedidah akasema. "Mimi nikisema, naambiwa nina mdomo."

"Mimi fundi, bibi. Si khatibu."

Wakaondoka asubuhi hiyo na saruji na mabati kupeleka Werugha, walikokuwa wakijenga. Gari lilipanda kama mbuzi, maana mzigo ulilikalisha chini. Saa saba walikuwa wameshapakua, wakaanza kuteremka na gari tupu. Manyunyu yalikuwa yameanza.

Pikapu tupu juu ya udongo mwekundu uliolowa ni kama mlevi kwenye ngazi, nyuma inataka kutangulia mbele. Madereva wote wa milimani wanajua dawa yake. Unatia mawe nyuma, gari linatulia. Zephaniah naye alijua. Akasimama kwenye mawe ya kwanza aliyoyaona.

Ubaya ni kwamba mawe hayo yalikuwa kando ya fighi. Asiyejua fighi aelezwe. Ni kile kichaka cha miti mikubwa ambacho wazee wa Kidawida, yaani Wataita, walikiwekea dawa zamani kulinda kijiji. Hakatwi mti pale, haokotwi kitu. Mwizi akichukua cha pale haendi mbali. Anazunguka. Anadhani anakwenda kwao, kumbe anazunguka palepale mpaka watu wamkute asubuhi. Na wengine, walisema wazee, hawakukutwa.

Mawe yalikuwa manane, meusi, yamekaa kwa mstari kama watu kwenye benchi.

"Baba Elsie, mawe hayo yamepangwa."

"Yamepangwa na mvua."

"Mvua haipangi. Hiyo ni fighi. Yarudishe."

"Fighi! Mimi mzee wa kanisa niogope kichaka? Mawe ni mawe, mama."

Akayapakia yote manane, moja baada ya jingine, gari likishuka kidogo kila mara. Aliporudi kwenye usukani alikuwa akicheka, akijipangusa mikono.

"Ajabu," akasema. "Huko chini ya mawe ni pakavu. Na pana joto. Kama kitanda cha mtu aliyeamka sasa hivi."

Hawakufika kona ya pili.

Barabara pale ni tambarare, na hakuna mtu aliyewahi kukwama. Lakini magurudumu ya nyuma yalizama kana kwamba ardhi imefungua mdomo. Zephaniah akakanyaga mafuta. Matope yakaruka. Gari likatetemeka, lisiende. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukafunika boneti, ukafunika vioo. Ilikuwa saa nane mchana, na Jedidah hakuona hata majani ya kando ya njia.

"Nashuka dakika moja," Zephaniah akasema. Akasukuma kijiti cha fowili, akaacha injini inanguruma, akatoka.

Jedidah akasikia mkono ukishika chuma upande wa kulia. Klak. Hiyo moja.

Akaona kofia ya mumewe ikipita mbele ya boneti, kofia tu, kama kifuniko kinachoelea. Ikafika upande wake. Ikainama chini ya dirisha.

Akangoja klak ya pili.

Haikuja.

Waipa zilikwenda, zikarudi. Jedidah akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, polepole, mpaka mwisho. Akaurudia. Akaurudia tena. Kugeuza habu si kazi ya beti tatu.

"Baba Elsie?"

Injini tu.

"Zephaniah?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu wazae. Akaweka paji la uso kwenye kioo cha dirisha, akatazama chini. Gurudumu lilikuwepo. Habu ilikuwepo. Mtu hakuwepo.

Klak.

Habu ilizunguka yenyewe, mbele ya macho yake.

Kisha mlango wa kulia ukafunguka, mumewe akaingia.

Jedidah akashusha pumzi, akafungua mdomo amtukane. Akaufumba. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na yule mtu alikuwa mkavu. Kofia kavu. Mabega makavu. Mikono iliyotoka kushika tope haikuwa na tope.

Akatazama kioo cha mbele. Kioo cha gari lile kilikuwa vipande viwili, kimoja cha dereva, kimoja cha abiria. Upande wake kilikuwa cheupe kwa mvuke wa pumzi zake. Upande wa dereva kilikuwa safi.

Akangoja yule mtu apumue. Alingoja sana.

Zephaniah alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, alipogongwa na mkono wa chuma wa kuwashia injini. Miaka kumi Jedidah aliketi upande ule akilitazama kovu hilo safarini. Sasa hapakuwa na kitu, ngozi tupu. Yule mtu akageuza uso kidogo kutazama kioo cha pembeni cha kushoto. Kovu lilikuwa juu ya jicho la kulia.

Gia ikaingia. Magurudumu yote manne yakashika ardhi kwa pamoja. Gari likang'oka.

Lakini halikwenda mbele. Lilirudi nyuma, kupanda kilima, mwendo wa mtu anayetembea. Yule mtu hakugeuka kutazama anakokwenda.

Jedidah hakupiga kelele. Kelele ni ya mtu anayetarajia kusikika. Akajaribu komeo la mlango, ingawa alijua. Halikucheza. Akasukuma kioo cha dirisha taratibu, akatoa mkono nje, akapapasa chini kutafuta kitasa. Vidole viligusa ncha yake tu. Havikufika.

Mkono ukamdaka.

Ulikuwa mkono wa mtu, umelowa, una tope. Ulikuwa unatembea sambamba na gari. Na huko ndani ya ukungu, karibu kabisa na bati la mlango, sauti ikanong'ona.

"Mama Elsie. Mlango uko wapi?"

"Uko mbele yako."

"Sioni mlango. Sioni gari. Nasikia injini tu. Nimezunguka, Mama Elsie. Nimezunguka sana."

Jedidah akakaza mkono. Uso aliuacha mbele, kama mtu anayepunga upepo dirishani.

"Mwachie," akasema yule wa kwenye usukani.

Ilikuwa sauti ya Zephaniah, ila imekauka, kama iliyokaa juu ya dari.

"Mwachie. Mimi nimezunguka tangu kabla ya barabara hii. Sasa ni zamu yake."

Nyuma, mawe manane yakagongana, kama yanayoafiki.

Kuna wanawake ambao pale wangezimia, na hakuna wa kuwalaumu. Jedidah alikuwa amelea watoto watano na mwanamume mmoja, na hakuzoea kunyang'anywa.

"Zamu gani?" akanong'ona. "Zamu imepangwa na nani? Mawe ni ya huku, yapeleke. Na gari lichukue. Huyu ni wangu, sikumtoa kwa mtu."

Yule mtu akaanza kumgeukia. Polepole. Shingo ikafika mahali shingo inaposimama, ikaendelea.

Jedidah akafumba macho. Akatoa bega zima dirishani, akauvuta ule mkono wa nje, akaubandika kwenye kitasa, kidole kwa kidole.

"Hiki ndicho kitasa. Huoni, shika. Bonyeza, Zephaniah. Bonyeza!"

Kitu baridi kikagusa sikio lake la kulia.

Mlango ukafunguka.

Akaanguka na mlango, akaanguka juu ya mtu, wote wawili wakaanguka kwenye tope. Pikapu haikusimama. Iliendelea kurudi nyuma, mlango wa kushoto ukipepea, ikaingia kwenye ukungu. Wakasikia mawe yakigongana. Halafu hawakusikia mawe. Halafu hawakusikia injini.

Jedidah akamshika Zephaniah kidevu, akamgeuza. Kovu lilikuwa kushoto. Lakini mwanamume aliyenyoa asubuhi ile alikuwa na ndevu za kushikwa mkononi. Viatu vyake vilikuwa juu tu. Soli hazikuwepo. Alikuwa anakanyaga kwa nyama.

"Huu ni mwezi gani?" akauliza.

"Ni leo," Jedidah akamwambia. "Bado ni leo. Simama."

Walitembea mpaka Wundanyi. Hakumwachia mkono hata walipokaribishwa barazani pa duka la watu, na mwenye duka akadhani ni mapenzi.

Kesho yake Mwinyihaji alipanda huko pamoja na Thadeus, kaka yake Jedidah. Jedidah naye akaenda, ingawa alikatazwa. Pikapu ilikuwa kando ya fighi, imeegeshwa vizuri, nyuma tupu. Mawe manane yalikuwa kwenye mstari wake, na kuvu ya kijani imeota kutoka jiwe moja hadi jingine bila kukatika.

Mwinyihaji akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Akaigusa habu, akazunguka, akaigusa ya pili.

"Habu zote mbili ziko huru, bibi. Magurudumu ya mbele hayakuvuta kitu. Gari hili halikupanda kilima hiki kwa mawili ya nyuma."

"Nani amesema lilipanda kwa magurudumu?"

"Astaghfirullahi," akasema Thadeus, ambaye ni Mwanglikana.

Wakashuka mpaka pale walipokwama. Hapakuwa na tope. Palikuwa na njia. Njia nyembamba ya mguu wa mtu, imechimbika kufika nusu ya muundi, imezunguka mahali pa ukubwa wa pikapu na kukutana na mwanzo wake. Udongo wa ndani ya njia ulikuwa mgumu na unang'aa, kama sakafu ya nyumba iliyokaliwa miaka mingi.

Zephaniah alipona. Alirudi kazini reli, alinyoa, alikula. Kilichompata hakukisimulia, na hakuvaa kiatu tena maishani mwake, alikwenda ofisini na ndara mpaka mkubwa wake akachoka kumkemea. Viatu vya siku ile Jedidah alivichoma mwenyewe jikoni. Pikapu ikauzwa upande wa Salaita, na aliyeinunua hakuambiwa kitu, maana hakuuliza.

Barabara ile ilikuja kujazwa kifusi. Njia ya mguu ikatokea tena. Ikajazwa mara ya pili. Ikatokea.

Mwaka wa themanini na moja, Tryphena, shangazi yake Zephaniah, alifariki Werugha. Zephaniah akasema mgongo unamuuma, hatapanda. Jedidah akaenda peke yake, na asubuhi ya mazishi akateremka kwa miguu mpaka pale. Alitaka kuona, basi. Mvua ilikuwa imekatika punde tu.

Ndani ya njia mlikuwa na nyayo, mstari mmoja, zinazunguka. Hazikuwa za miguu mitupu. Zilikuwa za viatu, soli nzima, kisigino kipya. Jedidah alivijua viatu vile, vilevile alivyovichoma jikoni. Alivinunua yeye, Voi, akabishana na Mhindi saa nzima juu ya kisigino kile.

Alisimama akafikiria ndara zilizokuwa chini ya kitanda chake nyumbani, na mtu anayezivaa. Akakata shauri hapohapo. Mwanamke akishamtoa mtu wake hamrudishi kwa ajili ya nyayo.

Akageuka aende zake. Ndipo akaona unyayo uliokuwa karibu naye kuliko mwingine wote, hatua moja tu kutoka miguuni pake. Kingo zake zilikuwa zinaporomoka, na maji yalikuwa bado yanaingia.