Ramla Amesema

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Deka alitandika mkeka mbele ya nyumba yao pale Modogashe, akaegemeza simu ya mama yake kwenye birika, akangoja sauti ya dada yake kutoka Uturuki. Hapo mkekani ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu. Ukisogea hatua tatu tu kuelekea zizi la mbuzi, unaupoteza.

Deka alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Saba. Dada yake Ramla alikuwa mwaka wa tatu katika chuo cha udaktari. Bibi yao, Ayeeyo Rukiyo, alipenda habari za Ramla kuliko redio, na hakuchoka kuuliza yaleyale.

"Anaamka saa ngapi?"

"Kabla ya alfajiri, Ayeeyo. Anaswali, anajifunika blanketi mabegani kwa ajili ya baridi, halafu anasoma saa mbili nzima kabla ya darasa. Juu ya sinki amebandika picha za mifupa, ili aisome akiosha vyombo."

"Na simu anaiweka wapi?" Ayeeyo huuliza, ingawa anajua.

"Kwenye debe la biskuti. Analifunga na kuliweka juu ya kabati. Halifungui mpaka amalize kusoma."

Ayeeyo hucheka mpaka jino lake la dhahabu lionekane. "Msichana huyu. Hata mbuzi wangu sikuwahi kuwafungia hivyo."

Majirani nao walijua saa ya mkeka. Mzee Jama huja na goti lake linalouma, Samsam wa nyumba ya pili huja na kikohozi cha mtoto wake, na wote huuliza swali moja: daktari amesema nini? Ramla alikuwa ameshamwambia Deka mara nyingi, "Waambie mimi bado ni mwanafunzi. Nimeshika mifupa ya darasani tu, mgonjwa sijamtibu hata mmoja. Waende kwa Sista Mirriam, muuguzi wa kituo cha afya." Lakini Deka hakuyafikisha maneno hayo yote. Alisema tu, "Daktari ana shughuli, njoo kesho." Alipenda kuona watu wazima wakichuchumaa kando ya mkeka wake wakimsubiri azungumze.

Mwezi wa Ramadhani ukakaribia. Ayeeyo aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka uliopita, baada ya Idi, na sasa alimeza vidonge asubuhi na jioni. Hii ingekuwa Ramadhani yake ya kwanza na ugonjwa huo.

"Muulize Ramla kama nitafunga," alisema.

"Muulize Sista Mirriam, mama," mama yake Deka alimshauri huku akisuuza vibuyu vya maziwa ya ngamia. "Yeye ndiye anayekupa dawa."

"Sista ni mtu mzuri. Lakini yeye ametoka Meru, hafungi. Atasema kula, kwa sababu yeye anakula. Ramla anafunga, na amesoma. Nitamsikiliza Ramla."

Deka akatuma ujumbe. Alama moja tu ikaonekana, maana yake haujafika. Ramla alikuwa kwenye wiki ya mitihani na simu ilikuwa ndani ya debe. Ayeeyo aliuliza asubuhi, akauliza adhuhuri, akauliza jioni. Siku ya pili akauliza tena, na safari hii macho yake yalikuwa na unyevu.

"Amenisahau? Ameshakuwa mkubwa mno hata kunijibu?"

Jioni hiyo mwezi ukaandama. Watoto walipita wakipiga kelele za furaha na wanawake wakapongezana milangoni. Ayeeyo alikaa mkekani na tasbihi yake, akimtazama mjukuu wake. Deka akaitazama simu. Alama ilikuwa moja tu.

"Ramla amesema funga, Ayeeyo," alisema. "Meza dawa wakati wa daku. Hutapata shida."

Maneno yalitoka kwa wepesi kiasi kwamba yeye mwenyewe alishangaa. Ayeeyo aliinua mikono akamwombea Ramla dua ndefu. Mama alitoa kichwa dirishani.

"Amesema hivyo kweli?"

"Amesema," Deka akajibu.

Siku ya kwanza ilipita, na ya pili pia. Kila futari Ayeeyo alivunja tende na kusema, "Mungu amhifadhi daktari wangu," na kila mara Deka aliirudisha tende yake sahanini.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa sokoni na maziwa yake. Karibu na saa tisa, joto likiwa limekaza, Deka alisikia tasbihi ikidondoka. Alipogeuka, Ayeeyo alikuwa anatetemeka mikono. Jasho lilikuwa limelowesha shungi lake lote.

"Sagal, lete ngamia," Ayeeyo alisema.

Sagal alikuwa dada yake Ayeeyo, aliyefariki kabla Deka hajazaliwa.

Deka alikimbia ndani, akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akakipeleka mdomoni mwa bibi yake. Ayeeyo akakaza meno.

"Nimefunga. Niache."

"Kunywa kidogo tu, Ayeeyo. Tafadhali."

Maji yalimwagika kidevuni. Deka alipiga simu Uturuki bila kutarajia kitu, na safari hii ikaita. Mitihani ilikuwa imekwisha asubuhi hiyo. Uso wa Ramla ukatokea kwenye kioo, theluji ikionekana dirishani nyuma yake. Alimtazama bibi yake mara moja tu.

"Sukari imeshuka. Mpe kitu chenye sukari sasa hivi. Kwani amefunga? Nani amemruhusu kufunga na vidonge vile?"

Deka alisogeza simu karibu na uso wa Ayeeyo.

"Ayeeyo, ni mimi, Ramla. Fungua mdomo, unywe."

Ayeeyo aliitazama simu kana kwamba ni kitu cha mtu mwingine.

"Hapana," alisema polepole. "Ramla amesema nifunge."

Ramla alirudia, akaomba, akaapa kuwa yeye ndiye Ramla, lakini Ayeeyo alikuwa ameshafumba macho. Mezani kwake Ramla kulikuwa na vitabu vinene vimepangwa hadi kidevuni, na ndani yake ugonjwa huu ulielezwa ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna hata kimoja kilichoweza kumfikisha Modogashe. Akaziba mdomo kwa kiganja, akaanza kulia.

"Mlaze kwa ubavu," alisema katikati ya kilio. "Usimwekee tena maji mdomoni, atapaliwa. Ita mtu. Deka, ita mtu yeyote."

Deka alipaza sauti mpaka Samsam akatokea. Samsam alitazama mara moja, akamwachia Deka mtoto wake na kukimbilia kituo cha afya, viatu vikibaki njiani. Deka alikaa mkekani, mtoto wa watu mkono mmoja, kichwa cha bibi yake pajani. Hakuwa na jambo jingine la kufanya. Alihesabu pumzi za Ayeeyo. Kila moja ilipochelewa, na ya kwake ilisimama.

Sista Mirriam alifika kwa pikipiki, mkoba begani. Alimdunga Ayeeyo kidole, akasoma kipimo, akakunja uso. Kisha akatafuta mshipa na kumpitishia maji ya sukari. Baada ya muda Deka aliuona ukope wa bibi yake ukicheza.

"Sista," Ayeeyo alinong'ona kwa Kiswahili chake cha sokoni, "mimi nafunga. Wewe hapana leta dawa."

"Mama, leo umefungua," Sista Mirriam alimjibu. "Hata sheikh wenu angekuambia hivyo. Mgonjwa amepewa ruhusa."

Jioni walikuwa kituoni, Ayeeyo kitandani, mama pembeni na harufu ya maziwa nguoni. Samsam alikuwa na hasira.

"Huyo msichana wa Uturuki ataua watu. Anakaa kwenye baridi huko, anatuamrisha kwa simu."

"Mimi nashangaa," Sista Mirriam alisema. "Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua hatari hii. Alisemaje kweli?"

Mama aliinamisha kichwa kwa aibu. Deka aliona aibu ile, akajua ni yake, mama amebebeshwa bure.

"Hakusema," Deka alisema. "Hakujibu kabisa. Mimi ndiye niliyesema."

Mama aliinua kichwa akamtazama. Ayeeyo ndiye aliyeongea.

"Niliuliza mara sita, na nilitaka jibu moja tu. Huyu mtoto alilijua nililolitaka, akanipa. Kosa lake ni kubwa, lakini mimi nililipalilia."

Ramla alipopiga simu, Deka alimweleza yote. Ramla hakumgombeza. Alifungua daftari na kulionyesha kwenye kioo; kurasa zilikuwa zimejaa wino mwekundu.

"Kila siku naandika humu nisichokijua," alisema. "Mwalimu wetu ukimwambia sijui, anakufundisha. Ukibahatisha, anakutoa nje. Na leo, abaayo, mdogo wangu, nilijua, bado sikuweza kitu. Ndiyo maana nawaambia waende kwa aliye karibu."

Ayeeyo hakufunga tena mwezi ule. Badala yake kila jioni Deka alibeba bakuli la wali na maharage, fidia ya bibi yake kwa siku asizofunga, akalipeleka kwa mjane maskini nyuma ya msikiti. Siku moja aliporudi, alimkuta Mzee Jama kando ya mkeka.

"Daktari amesema nini kuhusu goti langu?"

"Amesema hajui, awoowe, babu yangu. Na mimi sijui. Sista Mirriam yupo kituoni kesho asubuhi. Niombe ruhusa shuleni nikupeleke?"

Mzee alinung'unika kwamba siku zote ameambiwa aje kesho, kisha akakubali. Ayeeyo, akinywa uji wake bila sukari, alimwita Deka akae karibu.

"Sikia, mjukuu wangu. Kusema sijui kungenihuzunisha siku moja. Uongo wako uliniangusha siku ya tatu, na dada yako aliponiita kwa sauti yake mwenyewe, sikumwamini. Afya ya mtu usiichezee ili upendwe. Sema kweli hata ikiwa fupi."

Deka aliitika. Alikunja mkeka, akachukua daftari lake jipya na kalamu nyekundu, akaandika swali la kwanza: kwa nini goti la mzee huuma?