Kisu chenye Kichwa cha Nyati

Kila siku akitoka shule, Asmahani alivua sare, akala upesi, akaenda kushika duka wakati baba yake, Salumu, akiwa msikitini kwa sala ya alasiri. Lilikuwa duka la majembe, misumari, kamba na kufuli, mjini Kasulu. Asmahani alikuwa darasa la sita, na alipenda kuuza kuliko kula. Mteja aliyefuata msumari mmoja aliweza kuondoka na nyundo.

Ijumaa moja ya mwaka 2013 liliingia dukani boksi la visu vya kukunja, kumi na viwili, vya bei nafuu. Mipini ilikuwa myekundu, na kila mpini ulikuwa na kichwa cha nyati, nembo ya yale matrekta mekundu ambayo kila mkulima aliyajua kwa nguvu zake.

"Visu hivi usiviuze mpaka nivikague," baba alisema, akavaa kofia yake na kuondoka.

Hata hajafika kona, akaingia Babu Kipriani, mfuga nyuki wa Nyakitonto, mzee mrefu asiyeishiwa kicheko.

"Natafuta kisu, mjukuu. Kesho asubuhi nafunga mizinga mtini, na changu kimepotelea porini."

Agizo la baba liliingia sikio hili likatokea lile. Asmahani alifungua boksi. "Hiki hapa, Babu! Cha kampuni ya matrekta ya Nyati. Trekta linang'oa visiki, kisu chake kitashindwa na kamba?" Akakifungua, ka! Akakifunga, ka!

"Umekijaribu?"

"Babu nawe! Nembo si unaiona?"

Mzee alicheka, akakinunua, akapanda baiskeli yake. Baba aliporudi, Asmahani hakusema kitu.

Asubuhi yake mama, Zena, alitaka kumenya mihogo. Asmahani akamletea kisu cha Nyati kutoka boksini, kwa maringo. Mama alikichomeka muhogoni, akakandamiza. Kisu kikajikunja ghafla, bapa likarudi kwenye mpini. Bahati vidole vya mama vilikuwa pembeni. Kilichokatwa ni pindo la kanga tu.

Asmahani aliogopa kweli. Alimwaza Babu Kipriani juu ya mti, mkono mmoja umeshika tawi, mwingine unakandamiza kisu kama kile. Akisema, atagombezwa. Asiposema, vidole vya mtu vitakwenda. Akakimbia kwa baba yake, akaeleza yote huku akilia.

Salumu alichukua ufunguo wa pikipiki. "Chukua hilo boksi, na kisu cha mama yako," alisema. "Panda pikipiki."

Walipofika Nyakitonto, Babu Kipriani alikuwa juu ya ngazi ndefu, kamba shingoni, kisu wazi mkononi. Salumu alivuta pumzi apige kelele, lakini Asmahani akamshika mkono.

"Baba, usimshtue! Akishtuka atakikandamiza."

Alisogea mahali mzee alipoweza kumwona, akapiga magoti na kuanza kupiga makofi taratibu, kama mama yake alivyomfundisha kuwasalimu wazee. "Mwakeye, Babu!"

Sasa, Muha wa rika la Kipriani haachi salamu ya makofi ikining'inia, hata awe mtini. Na makofi hayapigwi na kisu mkononi. Mzee alitabasamu, akakifunga kisu polepole, akakitia mfukoni, akashuka mpaka chini ili aitikie vizuri. Salamu ya Kiha haina haraka. Waliulizana habari za nyumbani, za mvua, hata za nyuki, makofi juu ya makofi, Salumu akitokwa jasho pembeni.

Ndipo Asmahani akasema, "Babu, kisu nilichokuuzia hakifai. Nilikisifu bila kukijaribu. Nisamehe."

Mzee alikitoa, akakifungua, akaukandamiza mgongo wa bapa kwenye gogo. Kisu kikajikunja. Babu Kipriani akavitazama vidole vyake.

"Boksi lina maandishi madogo," Salumu alieleza. "Kampuni ya matrekta ilitoa ruhusa tu nembo yake itumike. Kisu kimetengenezwa na kiwanda kingine."

"Kumbe nyati mwenyewe hajawahi kukiona!" mzee akaangua kicheko. "Njoo, mjukuu. Kisu hakitazamwi usoni. Kifungue ukitikise. Bapa likicheza, kirudishe. Kandamiza mgongo wake kwenye gogo, vidole vikiwa mbali. Kikisimama, kijaribu kukatia kamba."

Walivijaribu vyote kumi na viwili palepale. Vinane vilishindwa. Vinne vilisimama imara na kukata kamba safi, ingawa vilikuwa na mpini uleule na nyati yuleyule. Kimoja akapewa Babu.

"Asmahani," baba alisema, "ulikosea ulipokaidi, ukakosea tena uliponyamaza. Lakini leo umekimbilia kusema kabla kosa halijamfikia mtu, na hilo limenifurahisha. Chema chajiuza. Mteja akikuuliza kama umekijaribu, jibu lake si nembo. Jibu ni kukijaribu mbele yake."

"Nimesikia, baba."

Babu Kipriani alikuwa ameshashika ngazi. Akageuka, akapiga kofi moja kubwa, kisha akavitandaza viganja vyake mbele ya Asmahani.

"Hesabu vidole, mjukuu."

"Kumi, Babu."

"Basi ndivyo nilivyokuja navyo," alisema, akapanda mtini kufunga mizinga yake.