Sawa ya Chumba cha Nne

Kampuni ile ilikuwa na vyumba vitatu vya baridi vya kuhifadhia nyama, wala hapakuwahi kuwa na cha nne. Kwa hiyo Fundi, dada aliyeajiriwa kuandika programu za pale, alipoona kwenye skrini kwamba chumba cha nne kimebisha hodi, alidhani ni mtu amekosea namba. Kilichomkera ni jibu. Seva, ile kompyuta kuu ya kampuni, ilikuwa imekijibu: mia mbili.

Tuelewane hapa, maana balaa lote lilipitia kwenye namba. Kila chumba kilikuwa na kipimajoto kilichounganishwa na mtandao. Kipimajoto hubisha kwenye seva, kwenye ule mlango ambao mafundi huuita API, kikatoa habari zake, na seva hujibu kwa namba. Mia mbili maana yake sawa, nimepokea. Mia nne na nne, hicho unachokitaja hakipo. Mia tano, kosa ni langu mimi niliyeulizwa. Seva yenye adabu zake ingekipa chumba cha nne mia nne na nne, ikafunga mlango, yakaisha. Lakini bosi, ambaye walimwita Shwari kwa sababu kwake hata nyumba ikiungua mambo ni shwari, hakutaka rangi nyekundu ionekane kwenye skrini mbele ya wateja. Aliagiza kila anayebisha ajibiwe mia mbili, na kosa likiwepo lifichwe ndani ya ujumbe, huko ambako hakuna anayesoma.

"Mteja anataka kusikia sawa," alimwambia Fundi. "Mpe sawa yake."

Fundi alibisha kidogo, kisha akaandika alivyoagizwa, maana mkate wake ulikuwa mkononi mwa yule bwana.

Harufu ikaanza. Ilikuwa ya nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki, na chini yake palikuwa na utamu fulani wa kutia kichefuchefu, uliokaa kwenye ulimi hata ukiwa umefunga mdomo. Iliingia kwenye chai. Iliingia kwenye mitandio na kwenye nywele. Wafanyakazi wakanunua dawa ya kupuliza yenye manukato ya waridi, basi wakawa wananusa uozo wenye waridi. Skrini nayo ilionyesha vyumba vyote sawa, kikiwemo kile kisichokuwepo.

Mkaguzi wa vyumba alikuwa mdogo wake Fundi, wa tumbo moja, aliyeitwa Chiriku kwa wingi wa maneno. Chiriku alilalamikia viatu, akalalamikia foleni ya choo, akalalamikia chumvi kabla hajaonja chakula. Kwa kuwa seva ilishakipokea chumba cha nne, simu yake ya kazi ikaanza kumtuma akakikague. Asubuhi moja alipanda kutoka chini kwenye vyumba akiwa kimya.

"Mbona umechelewa?" Fundi aliuliza.

"Sawa."

"Nakuuliza ulikuwa wapi, mdogo wangu."

"Sawa."

Fundi alicheka, akidhani anataniwa. Kisha pumzi ya Chiriku ikamfikia usoni, naye akalazimika kushika meza asitapike.

Kesho yake alimfuata. Ulikuwa mchana, taa zote zinawaka, watu wanapiga soga kule ghalani. Chiriku alipita chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, akafika mwisho wa korido palipokuwa na ukuta tu, na ukuta ule ulikuwa umelowa, unatoka jasho la mafuta ya njano yaliyoganda kama yale yanayobaki kwenye sufuria isiyooshwa, na Chiriku akachuchumaa mbele yake, akachomoa ndani ya nguo yake mfupa wenye nyama ya kijani, akaanza kuguguna, akivuta kwa meno nyuzi zilizokuwa zinakatika taratibu, na kila aliponyonya uboho Fundi alisikia mnyonyo wa pili ukimfuatia, mzito, wa mdomo mkubwa kuliko wa mtu, ukitokea ndani ya ukuta.

"Chiriku," alinong'ona. "Uko sawa?"

"Sawa," alijibu Chiriku.

"Sawa," ukajibu ukuta.

Fundi alitapika palepale. Alipopata nguvu alimburuta mdogo wake hadi ofisini, akamlaza sakafuni, akaketi kwenye kompyuta na kurekebisha jibu la chumba cha nne. Aliandika mia nne na nne: hakipo. Chiriku akakakamaa, tumbo likavimba. Akaandika mia nne na tatu: nimekusikia, ila huruhusiwi. Hapo kishindo cha hodi kikaanza kupigwa kutoka ndani ya kifua cha Chiriku, na midomo yake ikabadilika rangi. Fundi akafuta upesi alichoandika, akampigia simu shangazi yao, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatibu watu wenye mashetani.

Shangazi aliingia na mtandio puani, akatema mate mlangoni.

"Mnakaa na uchafu huu, na chai mnakunywa?" alisema kwa sauti ya chini. "Kilipobisha mlikijibu nini?"

"Tulisema sawa."

"Basi mlikikaribisha. Sasa unakiambia hakipo, na kimeshakula ndani? Ukikifungia mlango, mwanangu, kitakaa humohumo kwa huyu mpaka kimmalize."

"Nifanyeje, Shangazi? Nitampoteza."

"Akufukuzaye hakwambii toka. Mimi nikitoa jini nalipatia pa kwenda. Namba zako hazina neno la namna hiyo?"

Fundi alijifuta machozi. "Lipo. Mia tatu na moja. Unachokifuata kimehama moja kwa moja, kifuate kule. Halafu unaandika anwani."

"Iandike. Ila usimpe asiyehusika. Nani alisema kila mbishaji aambiwe sawa?"

Fundi aliinua macho kwenye dari. Ghorofa ya juu Shwari alikuwa anacheka kwenye simu. "Kila kitu sawa, mheshimiwa," alikuwa akisema. "Sawa kabisa."

"Ana mke na watoto," Fundi alinong'ona.

"Na huyu ana nani?" Shangazi aliuliza.

Fundi aliutazama mkono wa mdogo wake, uliokuwa na utando wa mafuta na nyweleo zimefura. Akaandika anwani ya kompyuta ya bosi.

Chiriku akapanua mdomo kupita kiasi cha binadamu. Kikatoka kitu kirefu cha kijivu, chenye utelezi, kimechanganyika na nywele na vifupa, kikaanguka sakafuni kwa mlio wa utumbo unaotupwa kwenye ndoo. Kilijikunja kidogo. Kisha kikatambaa mpaka kwenye ngazi, kikapanda bila kusita, kwa kuwa kilishapewa njia. Kule juu kicheko kilikatika.

Chiriku alifumbua macho. Fundi aliogopa kumuuliza, lakini ilibidi.

"Uko sawa?"

"Siko sawa," alisema Chiriku kwa sauti iliyokwaruza. "Koo linauma, nguo zinanuka, na wewe umenikalia kidole."

Fundi alimkumbatia vilevile na uvundo wake, akalia kwa furaha. Kisha akaifundisha seva kusema kweli. Skrini yote ikawa nyekundu: nyama ilikuwa imeoza chumba kwa chumba. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Shwari akashuka ngazi, shati limenyooka, nywele zimechanwa.

"Bosi, vyumba vyote vimeharibika," Fundi alisema bila kumtazama usoni. "Wateja wanakuja."

"Sawa." Alijifuta kitu cha njano pembeni mwa mdomo, akakilamba kidoleni.

Simu yake ikaita. Ilikuwa na sauti kubwa, wote wakamsikia mkewe. "Baba watoto, leo usichelewe. Watoto wanataka walale na wewe."

"Sawa," alisema Shwari, na nyuma ya meno yake mdomo mwingine ukachelewa kidogo kusema hivyohivyo.

Mate yalimjaa Fundi mdomoni. Angeweza kuipokonya ile simu akamwonya mwanamke wa watu. Alimshika tu Chiriku mkono, akatazama sakafu, akameza.