Rangi ya Kucha Kwenye Transfoma

Kila alipotoka shule, Vumilia alivua sare, akala michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, harakaharaka, kisha akaenda kibandani kwa mama yake. Kibanda hicho kilikuwa Isaka, kando ya barabara ya malori yaendayo bandari kavu. Hakuna dereva wa eneo lile asiyemjua Mama Vumilia, fundi wa kusuka mota na transfoma, yaani kuzizungushia waya upya zikiungua. Mota za pampu kutoka machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo zilipangwa mlangoni zikisubiri zamu, zimejaa matope.

Wiki hiyo kazi ilikuwa ya namna yake. Mzee Kalisti, mpiga gitaa wa siku nyingi, alileta amplifaya ya zamani, ile ya kutumia vali, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani. Transfoma yake ilikuwa imeungua, na kabla ya kuungua ilikuwa ikiunguruma kuliko gitaa lenyewe. Mzee alitaka mjukuu wake Noela, rafiki wa Vumilia, aitumie kanisani Jumapili.

"Mwadila, Mama Vumilia! Itapona?"

"Mwadila, baba. Itapona, na itanyamaza. Waya mwembamba atausuka huyu binti yangu. Ana mkono mwepesi kunishinda."

Vumilia akavimba kichwa.

Sasa, waya wa transfoma si waya mtupu. Umepakwa vanishi nyembamba inayozuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Sheria ya Mama Vumilia ilikuwa moja: vanishi ikikwaruzika, simama, niite. "Moto wa humu ndani si wa kuchezea," alizoea kusema. "Ukivujia kwenye bodi ya chuma, anayeshika nyuzi za gitaa ndiye anayepigwa."

Alasiri hiyo mama alikuwa nje akibishana na dereva. Vumilia alizungusha mpini wa mashine ya kusukia, waya ukakwama ukingoni, naye akauvuta kwa nguvu. Vanishi ikabanduka, tena karibu kabisa na mahali pa kukaa chuma cha transfoma. Angeita. Lakini angemwitaje mama aliyetoka kumsifu mbele ya watu? Akafungua begi la shule, akatoa chupa ya rangi ya kucha, akapaka pale palipobanduka, akapuliza mpaka pakakauka. Si vanishi nayo ni rangi tu? Ndivyo alivyojidanganya, akaendelea kusuka.

Kila tabaka lililofunika lile doa jekundu lilimfungia mlango wa kusema. Lilipokuwa moja, angefumua kidogo tu. Yakawa mengi, na ulimi ukazidi kuwa mzito.

Kesho yake mama alichanganya vanishi na thina ili aitumbukize transfoma nzima. Vanishi ikipenya kati ya mabati membamba ya chuma yaliyobananishwa ndani yake na kukauka, mabati hayatetemeki tena na mngurumo unakwisha. Harufu ya thina ilipomfikia Vumilia, akashtuka. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiiiba kidogo kidogo kufutia kucha zake kabla mwalimu hajakagua. Rangi yake ingeyeyuka yote humo ndani!

"Mbona umenyong'onyea hivyo?" mama aliuliza.

"Njaa, mama."

Chakula kilipoletwa alikimega tu, akakisukuma kando. Darasani, Noela alimwonyesha vidole vilivyoota sugu kwa mazoezi, Vumilia akatazama pembeni. Alitamani kukimbia, lakini angekimbilia wapi na jambo analo mwenyewe kifuani?

Jumamosi Mzee Kalisti na Noela walifika. Mama alikuwa ameijaribu amplifaya kwa muda mfupi, na ilikuwa kimya kabisa.

"Mbu ana kelele kuliko hii," alijigamba.

Noela akavaa gitaa, vidole vikagusa nyuzi. Mkono wa mama ukaenda kwenye swichi.

"Usiwashe, mama!"

Vumilia aliurukia waya wa umeme, akauchomoa ukutani. Kisha yote yakamtoka kwa kwikwi: rangi ya kucha, thina, na ile njaa ya uongo.

Mama alichukua bisibisi, akaitoa transfoma, akaanza kuifumua. Alipolifikia lile tabaka, rangi haikuwepo. Shaba ilikuwa wazi, na karatasi ya kuzuia umeme kando yake ilikuwa imeanza kuungua. Noela aliitazama, kisha akaliweka gitaa chini polepole.

"Binti, ungeniulia mjukuu," Mzee Kalisti alisema kwa sauti ndogo.

"Nisamehe, babu. Nisamehe, Noela."

Jumapili hiyo Noela aliimba bila gitaa. Vumilia alianza kusuka transfoma upya, na siku moja waya ukakwaruzika tena. Safari hii aliita. Mama akaja, akamwonyesha jinsi ya kuukata, kuulehemu na kukivisha kiungo kimpira chembamba cha kuzuia umeme. Kazi yote iliisha kabla chai iliyokuwa mezani haijapoa.

"Ni hivyo tu?" Vumilia aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Ni hivyo tu. Waya kukwaruzika ni kawaida ya kazi, hata mimi nakwaruza. Lakini kosa ukilificha, mwanangu, haliondoki. Linamngoja mwenzako aje aliguse kwa mkono wake."