Nyuki Waliofunzwa Harufu ya Marehemu

Asubuhi hiyo nyuki hawakwenda kwenye michungwa. Syombua alikuwa amewapulizia harufu ya maua ya michungwa hiyo mlangoni mwa mzinga, kama walivyofunzwa wakulima wa Kalamba: unamlisha nyuki maji ya sukari yenye harufu fulani, na siku ukimpulizia tena harufu ile, anakumbuka aliposhibia na kurudi papo hapo. Ubongo wake ni mdogo kama punje ya wimbi, lakini hausahau. Leo walizunguka kidogo, kisha wakaingia dirishani, chumbani kwa mtoto.

Mtoto aliitwa Kaluki, jina la nyanyake mzaa baba, aliyezikwa juzijuzi, na kwa sababu hiyo babake, Ndeti, alizoea kumwita Mwaitu, yaani mama. Syombua alimkuta ameketi kitandani, ametulia, nyuki wamemjaa midomoni wala hawamwumi. Chumba kizima kilinuka ugoro.

"Baba Kaluki," alinong'ona. "Kuja polepole. Usipige kelele."

Ndeti alichungulia. "Hawa nyuki uliwalisha nini?"

"Si ni sukari tu."

"Na chombo gani?"

"Kile kibuyu cha mama," Syombua alikiri. Alikuwa amekosa bakuli, akachukua kibuyu cha mavyaa wake, kile bibi huyo alichotumia kuwamwagia aimu, mizimu ya ukoo, pombe yao. Kilikuwa bado kinanuka ugoro wa bibi. Syombua mwenyewe ameokoka na mambo ya aimu hayaamini, ila wokovu haukumkataza kuazima chombo cha marehemu.

"Umewafunza harufu ya mama," Ndeti alisema. "Sasa wamemfuata mahali ako."

"Mama si tulimzika?"

"Hiyo ndiyo naogopa."

Waliita Pasta Muthama. Aliomba mpaka sauti ikamkauka, na Ndeti akachoma kibuyu, akachoma na mzinga, na moshi ulipoingia chumbani nyuki wakaanza kudondoka mmoja mmoja kutoka midomoni mwa mtoto, shukani, sakafuni, hadi wa mwisho, na ile harufu ikapungua, ikaisha kabisa. Syombua alimkumbatia mwanawe huku akilia kwa furaha.

Mtoto alimtazama. Hata kusema "maziwa" alikuwa hajajua.

"Syombua," alisema, kwa sauti nzito ya kikongwe, "mbona mmewasumbua nyuki bure? Mimi nilikuwa nimeshafika."