Herufi Moja Mwishoni

Kila Jumamosi asubuhi Signe alivuka barabara kwenda kwa bibi yake, Ardis. Aliondoa theluji kibarazani kwa koleo, akakung'uta viatu, kisha akaingia jikoni kunywa chokoleti ya moto. Jumamosi hiyo ilimngoja kazi nyingine. Bibi alikuwa amenunua kompyuta mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imechoka kabisa, na faili zake zote zilikuwa zimehamishiwa kwenye mpya.

"Nifungulie hadithi za babu yako," Bibi alisema. "Kesho kanisani, kwenye chakula cha pamoja, nitasoma ile ya gari lililozama ziwani."

Babu Norman alikuwa amefariki kabla ya theluji kuanza. Enzi za uhai wake yeye alisimulia na Bibi akachapa, tangu baba yake Signe alipokuwa bado mwanafunzi. Hakukuwa na nakala ya karatasi hata moja.

Signe alibofya faili ya kwanza. Kompyuta ilikataa, ikasema faili ya aina hiyo ya zamani imezuiwa na mipangilio ya usalama. Akajaribu nyingine, mambo yakawa yaleyale. Ndipo alipogundua kuwa majina ya faili mpya yaliishia na docx, na ya Babu yaliishia na doc.

"Kumbe zimepungukiwa x tu!" alijisemea. Kwa majivuno akaongeza x kwenye kila faili, kisha akabofya.

Sasa skrini ilisema: faili imeharibika.

Signe alibofya tena na tena. Bibi akaja na kikombe chake cha kahawa. "Vipi, mpenzi? Zimefunguka?"

"Bado, Bibi. Kompyuta… inajivuta tu."

"Haya, tuisubiri." Bibi aliketi karibu naye. "Unajua, sauti yake imeanza kunitoka. Lakini nikisoma maneno yale, namsikia kabisa, hata anavyokohoa kabla ya kuchekesha."

Signe alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote, na sasa alikuwa amemnyang'anya Babu mara ya pili.

"Umenyong'onyea. Hebu katuletee aiskrimu kwenye friza," Bibi alisema.

Signe alileta kopo kubwa la aiskrimu ya vanila. Alipolifungua, akakuta supu ya njegere iliyoganda kama jiwe. Bibi alicheka hadi miwani ikamteleza.

"Nyumba hii unaamini kopo? Aiskrimu ikiisha, mimi huweka supu humo. Hata babu yako aliingia mkenge kila mwaka!"

Signe hakucheka. Aliangua kilio. "Bibi, nami nimefanya hivyohivyo! Nimezibadilisha majina faili za Babu, na sasa zimeharibika. Nilikudanganya. Kompyuta haijivuti."

Bibi alimpigia simu Shangazi Marlys, mkutubi wa maktaba ya mji, akaweka sauti kubwa ili Signe naye asikie.

"Uliandika au kuhifadhi chochote ndani yake?" Shangazi aliuliza.

"Hapana, Shangazi. Niliongeza x tu."

"Basi futa machozi, wewe mganga wa kompyuta! Yaliyomo hayajaguswa. Ondoa hizo x, kisha nakili zote kwenye flashi kwanza."

Signe alifuata kila neno. Shangazi alimwelekeza kwenye mipangilio ya programu, sehemu inayozuia faili za zamani, naye Signe akaondoa alama ya zuio. Hadithi ikafunguka. Akaihifadhi upya kwa kuchagua aina mpya ya faili, na zote zilipokwisha, akalirudisha zuio mahali pake.

Bibi alivuta kiti, akasoma kwa sauti: "Ardis, andika kwamba gari halikuzama. Lilikwenda kuvua samaki." Akakohoa kidogo, kama Babu, kisha akacheka na kulia kwa pamoja.

Baadaye alimkumbatia Signe. "Mjukuu wangu, kubandika jina jipya hakubadilishi kilichomo ndani. Uliponiambia kompyuta inajivuta, ulinipa kopo la aiskrimu lenye supu. Siku nyingine ukiharibu kitu, niambie palepale. Nikijua ukweli, naweza kutafuta msaada."

"Nitakuambia, Bibi."

"Vizuri. Sasa ipashe moto supu yako, maana aiskrimu hatuna."